Shule za Ruzuku na Shule za Wenyeji Kando ya Ziwa Viktoria

Katika historia ya elimu ya Tanganyika yapo maswali mawili yaliyoulizwa pamoja na kujibiwa mbalimbali. La kwanza ni hili: nani alipe gharama ya shule? La pili: nani aiongoze? Pale ambapo mlipaji na kiongozi ni mmoja, mambo huwa mepesi kueleweka hata kama si mepesi kutendeka. Lakini pale ambapo fedha ni ya umma na uongozi ni wa kanisa, chama au kampuni, huzuka swali la tatu ambalo aghalabu husahauliwa: mtoto asiyepata nafasi katika shule ya namna hiyo ni wa nani?

Swali hilo si geni duniani. Nchini Marekani, tangu jimbo la Minnesota lilipopitisha sheria yake mwaka 1991, zimeenea shule zinazoendeshwa na vyama vya watu kwa mkataba. Shule hizo hulipiwa kwa kodi, hazitozi ada, wala halmashauri ya shule ya wilaya haziendeshi. Wanaozitetea husema kwamba huwapa wazazi hiari na kuziamsha shule za wilaya zilizolala. Wanaozilaumu husema kwamba huondoka na wanafunzi pamoja na fedha, zikaiachia wilaya majengo, walimu na watoto wenye mahitaji mazito. Mjadala huo hudhaniwa kuwa ni wa zama hizi. Walakini kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Mwanza hadi Musoma na visiwa vya Ukerewe, jambo linalofanana nalo lilikwisha kutendeka karibu miaka mia moja iliyopita, likiwa na majina mengine: misheni, ruzuku, na Serikali za Wenyeji. Lilidumu zaidi ya miaka arobaini, na mwisho wake unajulikana. Kwa hiyo laweza kupimwa kwa utulivu.

Ni lazima kutambua kwanza kwamba katika nchi hii mpangilio wa mambo ulikuwa kinyume cha ule wa Marekani. Huko shule ya wilaya ilitangulia na shule ya mkataba ikaja baadaye. Hapa misheni ilitangulia. Mapadri Weupe walifika pwani ya kusini ya Ziwa mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1883 wakaweka misheni yao Bukumbi, kusini ya Mwanza. Waanglikana wa C.M.S. walikuwa na kituo Usambiro, alikofia Alexander Mackay mwaka 1890, na kingine Nassa, ambacho mwaka 1909 walikiachia Africa Inland Mission. Waadventista wa Sabato waliingia upande wa mashariki ya Ziwa kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na Wamenoniti wakafungua Shirati mwaka 1934. Kila misheni ilijenga kanisa, na ubavuni mwa kanisa ikajenga darasa, kwa maana mtu aliyetaka kubatizwa alipaswa kujua kusoma.

Serikali ya Kijerumani nayo ilikuwa na shule zake, zilizofundisha kwa Kiswahili na kutoa makarani, wakalimani na maakida. Shule hizo zilikuwa chache mno. Ilipofika mwaka 1914 wanafunzi wa shule za serikali katika nchi nzima walikuwa elfu chache tu, na wale wa shule za misheni walizidi laki moja. Ni kweli kwamba nyingi katika shule hizo za misheni zilikuwa vibanda vya nyasi, na mwalimu wake alikuwa katekista aliyejua kidogo tu kuliko wanafunzi wake. Hata hivyo, kama mkulima wa Usukuma au Ukerewe aliona shule kwa macho yake katika miaka hiyo, basi aghalabu aliyoiona ilikuwa ya misheni.

Matunda ya shule hizo hayafai kudharauliwa. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1896, alisomeshwa katika misheni ya Kagunguli kisha katika seminari ya Rubya upande wa Bukoba. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya mkono wake mwenyewe, ilichapishwa zaidi ya miaka thelathini baadaye. Hazina kama hiyo isingepatikana kama pasingekuwa na darasa la Kagunguli. Yeyote anayeandika juu ya shule za misheni na asikiri deni hilo, anaandika nusu ya habari.

Waingereza walipokabidhiwa nchi walikuta hali hiyo, nao hawakuwa na fedha wala nia ya kuibadili. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki ikapendekeza serikali na misheni zishirikiane. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza ilitangaza siasa yake ya elimu kwa nchi zake za Afrika, na msingi wake ulikuwa ni huo huo: vyama vya hiari viendelee kuendesha shule, na serikali isimamie, ikague na isaidie kwa ruzuku. Sheria ya Elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 iliutia mpango huo katika kanuni. Shule iliyotaka ruzuku ilipaswa kuandikishwa, kufuata mtaala uliokubaliwa na Idara ya Elimu, kumpokea mkaguzi, na kuwa na walimu wenye vyeti. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa ya chini. Sharti hili la mwisho lina umuhimu wake kwa wapenzi wa lugha: fedha ya ruzuku ilisaidia kukipandisha Kiswahili hadi katika vijiji ambavyo misheni ingeliridhika kufundisha kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita.

Kwa mtazamo wa hazina ya serikali, mpango huo ulikuwa na busara. Misheni ilikuwa na ardhi, majengo na mapadri wasiodai mishahara mikubwa. Serikali ilipata shule kwa gharama ndogo kuliko ile ya kujenga zake. Lakini ndani ya kanuni ya ruzuku palikuwa na jambo lililofanya kazi kimya kimya kwa miaka mingi. Kipimo cha ruzuku kilikuwa mwalimu mwenye cheti. Penye walimu wenye vyeti wengi palipata fedha nyingi; pasipokuwa na mwalimu wa namna hiyo hapakupata kitu. Na walimu wenye vyeti walitoka wapi? Wengi wao walitoka katika vyuo vya misheni zenyewe, penye vituo vikubwa na vya zamani. Maji hufuata mkondo. Fedha ya umma ilifuata mkondo uliochimbwa na misheni miaka hamsini nyuma, kwa sababu zisizohusu haja ya wilaya. Padri wa mwaka 1883 alipochagua Bukumbi alifikiria bandari, afya na urafiki wa mtemi. Hakufikiria ramani ya elimu ya Usukuma. Lakini uchaguzi wake, pamoja na wa wenzake, ukawa sehemu ya ramani hiyo.

Upande wa pili zilisimama shule za Serikali za Wenyeji. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, aliwapa watemi na machifu madaraka ya kutawala watu wao, pamoja na hazina iliyopata sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Katika hazina hizo zilitoka fedha za kujenga shule zisizo za dini yoyote. Nyingi zilikuwa ndogo, na kusudi lao la kwanza lilikuwa kuwafunza wana wa watawala na makarani wa mabaraza. Walakini zilikuwa na sifa moja ambayo shule ya misheni haikuweza kuwa nayo: mzazi Mwislamu, au mzazi aliyeshika dini ya mababu, aliweza kumpeleka mtoto wake pale pasipo hofu ya kurudishiwa mtoto mwenye jina jipya.

Mfano unaojulikana kuliko yote upo Musoma. Mwaka 1934 Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliingia shule ya Serikali ya Wenyeji ya Mwisenge akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake hakuwa Mkristo, na yeye mwenyewe hakubatizwa mpaka mwaka 1943. Kutoka Mwisenge alikwenda shule ya serikali ya Tabora. Kitereza na Nyerere walikuwa watoto wa Ziwa moja, wote wawili wa koo za watawala. Mmoja aliokotwa na misheni, mwingine na hazina ya wenyeji. Lakini wote wawili walikuwa na mlango wa kuingilia. Maelfu ya rika zao hawakuwa na mlango wowote.

Sasa yafaa kuuliza: kuwapo kwa shule za ruzuku kuliziathiri vipi shule za wenyeji? Athari kubwa zilikuwa tatu, na kila moja yahitaji kuelezwa kwa zamu yake.

Ya kwanza ni ya walimu. Mwalimu mwenye cheti alikuwa adimu kuliko tofali na bati. Serikali ilikuwa na chuo chake Mpwapwa na penginepo, lakini misheni zilifunza walimu wengi, nao walifunzwa ili watumikie shule za kanisa lililowafunza. Shule ya wenyeji iliyotaka mwalimu ilibidi imngoje yule atakayetoka chuo cha serikali, au impokee aliyeachwa na misheni kwa sababu ya ugomvi, ndoa isiyokubaliwa na kanisa, au kubadili dini. Kwa njia hii shule iliyokuwa ya watu wote ilijikuta mara nyingi ikipata mwalimu baada ya wengine kuchagua.

Ya pili ni ya wanafunzi. Usukuma katika miaka hiyo haukuwa na watoto wengi waliotamani shule. Mvulana alikuwa mchungaji wa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mahari, akiba na heshima ya nyumba. Msichana alikuwa mkono wa mama yake shambani na kisimani. Misheni zenyewe zilikuwa zikishindana. Kibanda cha katekista kilijengwa kama bendera, kuonyesha kwamba kijiji hiki ni cha Wakatoliki na kile cha Waprotestanti. Matokeo yake ni kwamba mahali pamoja karibu na Ziwa na barabara paliweza kuwa na madarasa mawili au matatu yasiyojaa, na mbugani ndani pasiwe na hata moja. Na gharama ya darasa lisilojaa haipungui kwa kadiri ya wanafunzi waliopungua. Watoto kumi wakiondoka katika shule ya watoto arobaini, mwalimu hulipwa mshahara ule ule, na paa huvuja vile vile. Hili ndilo jambo linalozungumzwa leo katika miji ya Marekani kwa hesabu kubwa; katika hazina ndogo ya mtemi lilionekana kwa macho.

Ya tatu ni ya wajibu. Misheni ilikuwa na uhuru wa kusema, hapa tutafungua na pale hatutafungua. Mtoto huyu tutampokea, na yule ambaye wazazi wake wameoa ndoa ya mitala tutamfikiria. Serikali ya Wenyeji haikuwa na uhuru huo. Watu wote wa utemi walilipa kodi, na kila mlipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza barazani shule ya watoto wake iko wapi. Hivyo chombo chenye walimu wachache na fedha kidogo ndicho kilichodaiwa na watu wote, na chombo chenye walimu wengi na ruzuku ya uhakika kilidaiwa na waumini wake tu.

Si haki, hata hivyo, kusema kwamba misheni ndiyo iliyoufanya uhaba huo. Uhaba uliletwa na serikali ya kikoloni iliyotaka elimu nyingi kwa fedha kidogo. Mdororo wa biashara ulioanza mwaka 1929 ulipoishukia nchi, matumizi ya elimu yalipunguzwa, na misheni zikaziba pengo kwa sadaka za Ulaya na Marekani. Lau zingefunga milango yao, watoto wa shule za wenyeji wasingeongezeka. Wangepungua tu wasomi wa nchi. Kosa lilikuwa katika kanuni iliyopima shule iliyokwisha kuwapo na kusahau kumpima mtoto asiye na shule.

Baada ya Vita ya Pili serikali ilitunga mpango wa elimu wa miaka kumi, 1947 hadi 1956, nao uliongeza shule za msingi kwa wingi. Bei ya pamba ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wasukuma walianza kuitaka shule kwa nguvu ile ile waliyotumia kuunda vyama vya ushirika, vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Viktoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hapo uhaba ukageuka. Zamani shule zilikosa watoto. Sasa watoto walikosa shule. Mwaka huo huo wa 1955, wakati TANU ilipokuwa imekatazwa kuandikishwa katika Usukuma, kiliundwa chama cha wazazi wa Kiafrika, TAPA, kikaanza kufungua shule zisizo na ruzuku, nyingi zikiwa na walimu wasio na vyeti. Wataalamu wa Idara walizibeza shule hizo, na kwa upande wa ufundi walikuwa na sababu. Lakini kwa upande wa haki zilikuwa ushahidi mzito: watu waliolipa kodi iliyogawiwa shule za wengine walikuwa wakichanga mara ya pili ili wajengee watoto wao.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, mageuzi yalikuja hatua kwa hatua. Kuanzia Januari 1962 ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa kwa sheria, jambo lililozihusu sana shule za Wahindi na Wazungu za mjini Mwanza, na halmashauri za wilaya zikapewa madaraka ya shule za msingi. Walimu wa serikali na wa vyama vya hiari wakaunganishwa katika utumishi mmoja. Mwaka 1964 ada ya shule za sekondari iliondolewa. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na baada yake Elimu ya Kujitegemea. Mwisho, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule zilizokuwa zikipokea ruzuku zilichukuliwa na umma. Nsumba, iliyojengwa na Wakatoliki kusini ya mji wa Mwanza, ikawa shule ya serikali. Seminari za kufunza makasisi ziliachwa mikononi mwa makanisa.

Rais aliyeitia sahihi sheria hiyo alikuwa mwanafunzi wa Mwisenge, naye alipata kuwa mwalimu katika shule mbili za Wakatoliki, Mtakatifu Maria ya Tabora na Mtakatifu Fransisko ya Pugu. Aliijua misheni kwa ndani, na alikuwa muumini wake. Kwa hiyo hukumu yake haikuwa ya chuki. Ilikuwa ni hukumu juu ya kanuni: fedha ya watu wote haifai kutunza mlango ambao si watu wote waupitao.

Mavuno ya hatua hiyo yalionekana baada ya miaka michache. Mnamo Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ule ule wa Mwisenge, ikaazimia kwamba kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule ifikapo mwaka 1977. Kwa mara ya kwanza hesabu ilianza kwa mtoto, kisha ikatafutwa shule. Azimio kama hilo lisingeweza kutekelezwa na wilaya iliyomiliki sehemu tu ya madarasa yake. Hasara nazo zilikuwapo. Madarasa yalifurika, walimu walifunzwa kwa haraka, na shule zilizokuwa na nidhamu na maktaba chini ya watawa zikapoteza vyote viwili. Tena serikali ilikuwa imekwisha kuzivunja halmashauri za wilaya mwaka 1972, nazo hazikurudi mpaka mwaka 1984. Basi shule zilizotwaliwa ili ziwe za wananchi zilikaa miaka kumi na miwili zikiongozwa na maofisa ambao wananchi hawakuwachagua.

Gurudumu halikusimama hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shule za sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimekwisha kuzidi zile za serikali. Mwaka 1992 serikali iliandikiana hati ya maelewano na makanisa, na mwaka 1995 sheria ilifungua mlango kwa shule za msingi za watu binafsi. Nyegezi, ambako Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii mwaka 1960, kukawa na chuo kikuu cha Kanisa mwaka 1998. Ng'ambo ya Ziwa, serikali ya Uganda ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007 ililipia pia watoto waliosomea shule za watu binafsi, kisha kuanzia mwaka 2018 ikaanza kujitoa, ikasema fedha hiyo iende kujenga shule za umma katika tarafa zisizokuwa nazo. Waliofika uamuzi huo walikuwa wakijibu, kwa sarufi ya zama nyingine, swali lile lile la hazina ya mtemi.

Historia ya pwani ya Ziwa haitoi amri kwamba shule za vyama zifungwe, wala kwamba serikali ni mlezi mwema kuliko kanisa. Inatoa kipimo. Anayetaka kujua kama shule ya ruzuku inaijenga wilaya au inaibomoa, asiishie katika darasa lake, ambalo huenda likawa safi na lenye kufaulisha. Na atoke aende hadi mwisho wa njia, mbugani, amtafute mtoto anayechunga ng'ombe saa nne ya asubuhi, aulize ni nani aliye na wajibu wa kumwandikisha, na kama huyo mwenye wajibu amebakiwa na fedha na mwalimu wa kumfundishia.